Jumamosi moja Lubumbashi: tombola asubuhi, mguu mchana, hadithi za kutisha usiku

Mimi naanzaga na koti. Mwezi wa sita ukikaribia huku Lubumbashi baridi inaingia kweli kweli, mji uko juu, kama mita 1200 hivi, asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi, na wageni wanaoshuka kwenye basi na shati ya mikono mifupi wanashangaa, hawakujua Kongo ina baridi. Siku hizo kila mtu anakimbilia tombola, soko la nguo kuukuu, kutafuta cha kujifunika na bei inapanda hapo hapo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio unaookoa pesa nyingi kuliko mingine yote: koti linanunuliwa mwezi wa kwanza. Mvua inapiga, jua likitoka ni kali, hakuna anayelitaka, mama muuzaji amelifukia chini kabisa ya rundo na likiondoka anafurahi. Langu la kijivu nililipata hivyo, sufu nzito, bitana ya rangi ya divai, na kwenye mfuko wa ndani kulikuwa na tiketi ndogo ya tramu imeandikwa Antwerpen. Ile tiketi tutairudia.

Kwanza jina, juu (kwetu ni kusema kwa sababu) kuna wasomaji wa mbali. Tombola tunasema kwa kifupi, jina kamili ni tombola bwaka, Kilingala hicho, inua tupa, na njo (ndiyo) vile mikono inafanya: unainua nguo, unaangalia, unatupa, unainua ingine. Tanzania na Kenya wanaita mitumba, Zambia hapo jirani wanaita salaula, Wanyarwanda wanaita caguwa ambayo ni chagua yetu hiyo hiyo. Na huu mji una historia yake na hii biashara, zamani za mkoloni, ukiitwa bado Élisabethville, nguo za namna hii zilikuwa zinatoka hapa zinavuka mto Luapula kwenda kuuzwa upande wa Zambia. Leo mzigo mwingi unaingia kwa njia ya kinyume, unashuka bandarini Dar es Salaam, unapita Zambia, unaingia mpakani Kasumbalesa, kutoka hapo si mbali tena.

Tanzania wazee walikuwa na jina lingine kabisa, kafa Ulaya. Yaani mwenyewe alikufa huko Ulaya njo nguo ikaja kwetu. Kwetu nyumbani hatukuwa na hilo jina lakini mawazo yalikuwa yale yale, nkambo wangu mwanamke, mama yake mama, kila nguo ya tombola alikuwa anailoweka kwenye beseni la maji ya chumvi usiku mzima na sisi watoto tulikatazwa hata kuligusa lile beseni mpaka asubuhi. Nilikuwa nalala nikiliwaza, naona kama kuna mtu amekaa ndani ya maji. Nadhani mapenzi yangu ya nguo za zamani na mapenzi yangu ya hadithi za kutisha yalizaliwa pamoja kwenye lile beseni, ndiyo maana hapa nayaandika pamoja, na katikati naweka kutembea mjini juu ndiyo inayoyaunganisha.

Haya, soko. Mimi naenda Kenya (ni komini ya hapa Lubumbashi, siyo nchi), lakini Katuba na Ruashi pia utapata, na kila mtaa una mama mmoja mwenye rundo zuri ambaye majirani hawapendi kumtaja. Nenda mapema. Muulize muuzaji wako anafungua balo (robota la nguo) siku gani, kila mmoja ana siku yake, na ukishakuwa mteja wa kudumu atakupigia simu mwenyewe. Balo likikatwa kamba wa kwanza kuchagua ndio wanalipa bei kubwa, saa mbili baadaye zile zile bei zinaanza kushuka, mchana zinabaki za kurusha kwa bei moja. Kama unatafuta kitu cha zamani kweli usikimbilie saa ya kwanza, wale wa saa ya kwanza wanatafuta nguo zinazoonekana mpya na jinzi zenye jina, koti la miaka 40 wanalisukuma pembeni. Wewe fika wakimaliza wao. Na acha zile zilizotundikwa kwenye hanga, kile kilichotundikwa kimeshachaguliwa na mtu mwingine na umelipia macho yake.

Vaa nguo nyepesi ya kubana ili uweze kujaribu juu yake, chumba cha kujaribia hakuna. Pesa uzigawe, franka ndogo ndogo mfuko wa mbele, zingine ndani kabisa. Ukibeba dola hakikisha haina hata mchaniko wa kucha, hapa noti ya dola iliyochanika kidogo tu inakataliwa na utarudi nayo nyumbani, na ya dola moja wengi hawaitaki hata ikiwa mpya.

Sasa namna ya kuangalia, na hapa naomba usiwe na haraka. Mkono kabla ya macho. Pitisha mkono kwenye rundo bila kuchagua rangi, sufu inajitambulisha yenyewe, inakwaruza kidogo na ina uzito, hariri inateleza na ni baridi, pamba nzito ya zamani inajaa mkononi. Ukipata kitu, toka nacho juani. Chini ya ile hema ya plastiki ya buluu kila nguo inaonekana nzuri, nuru inadanganya. Juani unaishika juu kama unaanika, unaangalia jua likipita katikati ya kitambaa, matundu ya nondo yanaonekana kama nyota. Kisha kwapa, kola kwa ndani, katikati ya miguu kama ni patalon (suruali), na pindo. Baada ya hapo geuza nguo ndani nje, hapo ndipo utajua alishona nani: mishono imenyooka, kitambaa cha ziada kimeachwa pembeni sentimita mbili tatu ili fundi aweze kupanua siku moja, bitana imeshonwa kwa mkono, hiyo ni nguo ya mtu aliyetegemea itaishi muda mrefu.

Zipu, ivute juu na chini mara tatu, siyo mara moja. Zipu ya chuma kwenye robe (gauni) au sketi mara nyingi ni dalili ya umri, zile za nailoni zilienea baadaye. Kifungo kiguse kwenye shavu au kwenye meno, cha ganda la chaza kinakuwa baridi na kizito, cha plastiki kina uvuguvugu. Halafu etiketi. Ikiandikwa "Made in West Germany" hiyo nguo ni ya kabla ya mwishoni mwa 1990, juu nchi hiyo iliungana na nusu yake tarehe 3/10 mwaka huo. Ikiandikwa Czechoslovakia ni ya kabla ya 1993. Marekani walianza kulazimisha etiketi ya maelezo ya kufua mwaka 1972, kwa hiyo nguo ya Kimarekani ambayo haina hayo maelezo na haionyeshi alama ya kukatwa, iangalie mara mbili. Jinzi ya Levi's ukikuta kile kitambaa chekundu cha mfuko wa nyuma kimeandikwa LEVI'S kwa herufi kubwa zote, na E kubwa, na siyo ya kuigiza, ni ya kabla ya 1971 au hapo hapo. Hiyo usipige kelele, ikunje polepole, weka kwapani, endelea kuchambua kama hujaona kitu.

Kama unabisha ni sufu au ni nailoni, muombe mama ruhusa uvute uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uuchome na kiberiti. Sufu inanuka nywele iliyoungua na majivu yanasagika kwenye vidole, nailoni na poliesta zinayeyuka zinakuwa kijipunje kigumu. Muombe ruhusa kweli, nilishaona kijana amechoma uzi bila kusema neno na yule mama alikuwa na haki ya kumfokea vile.

Nilishaumia pia. Nilinunua vesti (kwetu ni koti la suti) ya rangi ya kahawia, kola pana ya miaka ya sabini, nilijaribu mkono wa kulia tu juu bisi ilikuwa inaita abiria na nilitaka kuiwahi, nimefika nyumbani mkono wa kushoto ni mfupi, fundi fulani huko ilikotoka aliukata akaushona upya vibaya. Haikurekebishika. Toka siku hiyo nguo naivaa mikono yote miwili, nainua, nakunja, nakaa chini kabisa kama ni patalon. Acha bisi iende.

Kupatana bei ni kwa heshima. Unaanza na salamu, unauliza watoto, ndipo bei.

"Mama, hii vesti ni ngapi?"
"Elfu makumi mbili na tano, mwana."
"Mama yangu, ona hapa kwa kwapa uzi umeachia, na mufuko hautafunga tena, pokea elfu kumi na mbili."
"Ongeza kidogo, mwana, miye pia niliuza balo bei kali."

Ndugu wa Dar au Mombasa hapo atachanganyikiwa: huyu ameliuza balo au analo bado? Kwetu kuuza ni kununua, na kuuza kwenu kwetu ni kuuzisha. Ukikuta mtu wa Lubumbashi anakuambia "naenda kuuza viatu" ujue anakwenda kutoa pesa. Na kasoro unayoitaja iwe ya kweli, usidharau nguo ya mtu ili upunguziwe, huyo mama utarudi kwake wiki ijayo, na bei ya fundi uiweke kichwani kabla ya kukubali, vesti ya elfu kumi na nane inayohitaji bitana mpya siyo vesti ya elfu kumi na nane.

Kuna nguo moja ya zamani ambayo si rahisi kuipata kwenye balo la Ulaya, na mimi naililia. Abakosi. Miaka ya sabini Mobutu alipokataza suti na kravati, mafundi wetu wengi walikata abakosi, koti lisilohitaji shati ndani, mara kola ya kusimama mara kola ya kulala, wengine wanafunga skafu shingoni, na ilivaliwa hivyo mpaka tarehe 24/4/1990 aliporuhusu kravati kurudi. Zimelala kwenye masanduku ya babu zetu, zinaliwa na nondo. Kabla hujaenda soko lolote fungua sanduku la nyumbani kwenu, muombe mzee akuonyeshe, na kama kuna vikwembe (vitenge) vya nkambo angalia pindo la kitambaa, kiwanda kilikuwa kinachapa jina lake pale, ukisoma Sotexki Kisangani ujue kile kilifumwa nchini humu. Usikate mto wa kochi na kile kitambaa, tafadhali.

Kufua: maji ya chumvi kama nkambo, mimi bado nafanya. Pamba fua na maji ya moto na sabuni. Sufu maji ya baridi, usikamue kwa kusokota, ilaze juu ya taulo. Na wakati wa mvua kila kilichoanikwa nje kipigwe pasi, hasa kwenye mishono, kuna inzi anataga mayai kwenye nguo mbichi na funza anaingia kwenye ngozi, siyo hadithi, muulize mama yeyote mwenye mtoto mchanga.

Basi mzigo uko kwenye mfuko, ni saa sita. Usipande bisi. Kutoka Kenya unapita Kamalondo kwa mguu, unaingia katikati ya mji, na ukiwa umevaa kitu cha zamani ulichopata sasa hivi huo mwendo unabadilika kabisa, unaanza kuangalia nyumba vile ulivyokuwa unaangalia mishono. Kamalondo ina nyumba ndogo za matofali zilizopangwa mstari kwa mstari, ni kati ya mitaa ya kwanza waliyopewa Waafrika. Kati yake na mji wa wazungu mkoloni aliacha ukanda mtupu, zone neutre waliita, usiku Mwafrika bila karatasi hakuruhusiwa kuwa upande wa pili. Tembea hapo polepole. Ukiinua kichwa unaona bomba refu la kiwanda cha shaba na ule mlima mweusi wa mabaki, shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa na reli kufika, na mlima umekuwa ukipungua toka walipoanza kuuchakata tena kutafuta kobalti.

Ukifika Poste (posta) endelea mpaka lile jengo la zamani la tiyata (ukumbi wa michezo ya kuigiza), la miaka ya hamsini, ambalo 1960 bunge la Katanga iliyojitenga lilikaa humo. Jirani kuna makumbusho ya taifa, ingia, kuna baridi nzuri na ukimya. Kuna sinagogi pia, ya wakati wa Wayahudi wengi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Simu iache mfukoni karibu na majengo ya serikali na gari ya moshi, fotoo moja inaweza kukugharimu mchana mzima wa maelezo. Kama ni mwezi wa tisa au wa kumi jakaranda zimechanua na barabara ni zambarau, basi kaa chini ya mmoja ununue kalanga, hakuna la kuongeza.

Kitabu cha usiku unakichukua hapo hapo mjini. Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, wana maktaba ya kuazima, na kuna wanaopanga vitabu chini kando ya barabara, hao nawapenda zaidi juu unachambua kama tombola: shika, fungua katikati, soma ukurasa mmoja, angalia kama kurasa za mwisho zipo. Hilo la mwisho ni muhimu sana kwenye hadithi za kutisha, nimeshasoma kurasa 180 za nyumba yenye mlango usiofunguka na mwisho ulikuwa umeng'olewa. Chagua hadithi fupi fupi, kitabu kirefu kinachosha woga. Kurasa 20 au 30 unamaliza kabla babula haijafifia.

Babula ndiyo, makaa ya kuota, mwezi wa saba bila hiyo hutakaa. Lakini dirisha liwe wazi hata kidogo, moshi wa makaa usioonekana unaua watu wamelala, huo ndio woga wa kweli wa usiku ule. Taa iwe moja. Simu chumba kingine. Na msisome kimya, someni kwa sauti, mmoja anasoma Kifaransa sentensi mbili tatu na papo hapo anazigeuza kwa Kiswahili kwa wazee na watoto, na hapo utaona kitabu kinabadilika, juu kuna vitu haviogopeshi kwa Kifaransa lakini ukivisema "mutu alisimama nyuma ya mulango, hakubisha" kila mtu anageuka kuangalia mlango.

Halafu funga kitabu, waulize wazee. Hapa Katanga tuna zetu. Ile picha ya mamba muntu iliyokuwa ukutani kwenye sebule nyingi miaka ya sabini, mwanamke mweupe mwenye mkia wa samaki na nywele ndefu, ukiokota unywele wake pale mtoni atakujia usiku kuudai, na akikupa utajiri mdomo wako ufungwe. Na batumbula, ambao hofu yao ilikuwa kubwa sana hapa wakati wa ukoloni, walisema wanateka watu gizani kwa kazi ya wazungu, na aliyetekwa hakuonekana tena. Waliokuwa watoto miaka ya arobaini wamebaki wachache, kwa hiyo andika, na usiandike hadithi tu, andika barabara gani, mti gani, aliyekuwa anawasimulia ni nani na alikuwa anafanya kazi wapi.

Jumamosi iliyopita ya mwezi wa saba tulikuwa watano kwa nkambo, mimi na lile koti la kijivu, tiketi ya Antwerpen ikiwa kwenye ukurasa tuliofikia. Tulipofunga kitabu nkambo akatuambia wao walivyokuwa wanarudi kutoka mjini wakikimbia ule ukanda mtupu jioni, wasichana watatu wameshikana mikono, bila kuangalia nyuma, juu batumbula walisemekana wanasimama pale pale kwenye majani. Nilikuwa nimepapita mchana na mfuko wangu wa nguo. Alipomaliza akanivuta kola, akaligeuza koti ndani nje magotini kwake, akapitisha dole gumba kwenye mshono wote mpaka chini, akauliza kama nililoweka chumvi. Nikasema ndiyo. Akasema vifungo viwili vya chini vitatoka wiki hii, nilete sindano. Nikavishona pale pale karibu na babula, yeye akinishikia uzi.